Kisigino na Ngazi Zilizoishia kwa Dada Yake

Kama umekaa, endelea kukaa, mimi si mtu wa kusumbua watu majumbani mwao. Lakini kama umesimama, wasikilizaji wapendwa, basi umesimama vizuri. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuamini uamuzi wowote uliofanywa na watu waliokaa.

Mnamjua. Tulimwita Kisigino. Alikuwa fundi viatu, na alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji wetu huu wa mlimani. Wiki iliyopita alitutoka, alfajiri, kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: fundi viatu, na mwenyekiti wa mji. Alizifanya kazi zote mbili kwa pamoja, na ukimtaka mwenyekiti ulimkuta kibandani na misumari midogo mdomoni, akakujibu hivyo hivyo.

Viatu nilivyovaa hapa studio, soli alizipiga yeye. Ya kushoto inalia nikitembea. Siku nilipoenda kulalamika aliniambia, "Hiyo nimeiacha makusudi, watu wajue unakuja, waache kukusema." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Kwa mnaotusikiliza mkiwa mbali, niueleze mji kidogo. Mji wetu umepangwa mlimani kama vyombo kwenye kabati. Chini kuna ofisi ya halmashauri, soko, kituo cha mabasi na zahanati. Juu kuna Mtaa wa Juu, na huko wanaishi watu wengi. Barabara ya magari inazunguka bega zima la mlima kabla ya kufika juu. Ipo pia njia ya mkato kando ya korongo, ila mvua ikinyesha hiyo si njia tena, ni mtelezo. Mtu wa Mtaa wa Juu akisahau chumvi sokoni, siku hiyo watu wanakula bila chumvi, na hakuna wa kumlaumu.

Zamani halmashauri ilikuwa inakaa ukumbini, huku chini. Ramani ukutani, chai mezani, madiwani viti vya mito. Wakaamua mambo. Waliweka taa ya barabarani mahali ambapo hapana mtu anayepita isipokuwa mbuzi. Waliweka bomba la maji upande wa pili wa korongo, watu wakawa wanaliangalia tu linavyotiririka. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamekaa mbali, basi.

Kisigino alipochaguliwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga ukumbi. Akaweka utaratibu wake, na utaratibu huo mnaujua, lakini nitausema tena kwa sababu habari yote ya leo imekaa hapo. Jambo linalohusu mahali, linaamuliwa mahali hapo hapo. Linaamuliwa watu wakiwa wamesimama, mbele ya macho ya yule linalomhusu. Diwani aliyekaa kura yake haihesabiwi. Kura ikipita, fundi mwashi wa mji anagonga kigingi pale mwenyekiti aliposimama. Kigingi kikishaingia ardhini, hakitolewi ila kwa kura nyingine, hapo hapo, mmesimama tena.

Nilizungumza na mwenye bucha, ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa sasa. Enzi zile alikuwa diwani tu. Mtu mnene, mcheshi, hana haraka na dunia.

"Kikao cha kwanza nilijua nakufa," aliniambia huku anajipepea na kofia. "Tulipanda mpaka juu kwa ajili ya shimo la takataka. Nilipofika sikuwa na pumzi ya kusema ndiyo wala hapana. Nikanyoosha mkono ili tushuke. Baadaye ndiyo nikauliza tumepitisha nini."

Lakini vikao vilikuwa vifupi, hilo hata maadui zake walikubali. Mfereji wa soko ulikuwa umeziba tangu sisi wengine hatujaoa. Kisigino aliwasimamisha madiwani ndani ya yale maji yenyewe, viatu na suruali na kila kitu, akauliza, "Uzibuliwe, au tujadili?" Kura ilichukua muda wa kufunga kamba ya kiatu. Wachuuzi wa nyanya walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa tuje kwenye ngazi.

Watu wa Mtaa wa Juu waliomba ngazi za mawe, zipande moja kwa moja kutoka sokoni mpaka kwao, waachane na korongo na mzunguko wa barabara. Ombi la haki kabisa. Ikapangwa zipite kwenye uchochoro ulio kando ya geti la jirani mmoja, ambao ulikuwa wazi toka chini hadi juu. Siku ya kura ikafika, na siku hiyo ukungu ukashuka. Mnaujua ukungu wetu. Unanyoosha mkono, vidole huvioni. Madiwani walipanda wakishikana makoti kama watoto wa chekechea. Kisigino akapapasa geti la chuma, akasema ni hapa, uchochoro ndio huu. Wakasimama. Wakapiga kura. Fundi mwashi akagonga kigingi.

Ukungu ule haukuondoka wiki nzima. Fundi mwashi na vijana wake wakaanza kazi kutoka chini, wakifuata kamba mpaka kwenye kigingi, jiwe juu ya jiwe. Nilipomuuliza fundi ilikuwaje hakushtuka, alinijibu bila aibu, "Mimi kazi yangu kigingi. Mwenyekiti alisimama, mimi nikagonga."

Jua lilipotoka, ngazi zilikuwa zimekamilika. Ngazi nzuri, imara, za kutamanika. Na zilikuwa zimeishia kwenye geti la dada yake Kisigino.

Dada yake mkubwa, tumbo moja. Kati ya geti lake na uchochoro uliokusudiwa kuna mkono wa korongo, kwa hiyo kusogeza ngazi ilikuwa ni kubomoa zote na kuanza upya, na mawe yalikuwa yamekwisha. Kosa kama hili, wasikilizaji wapendwa, ni sisi tu tunaoweza kulifanya. Miji mingine inakosea kwa sababu viongozi hawaendi kuona. Sisi tulikwenda wote, hatukuona.

Mji ukacheka, kisha ukanuna. Watu wakazipa jina, Ngazi za Undugu. Ilionekana mwenyekiti amemjengea dada yake ngazi za kifalme kwa jasho la umma. Na yeye siku ya kura wala hakujua yuko kwa dada yake. Dada alikuwa amesafiri kumwona mwanawe, geti limefungwa, uwanja hauna kitu.

Dawa ilikuwa moja. Uwanja wa dada unaanzia kwenye geti hilo la chini na unaishia kwenye ukuta wa juu, na nyuma ya ukuta huo ndipo Mtaa wa Juu unapoanzia. Nyumba ya Kisigino mwenyewe ni ya kwanza hapo, imetazamana na ukuta. Uwanja ukikatwa njia, ukuta ukivunjwa, kila mtu anapita, habari imekwisha.

Lakini dada yake ni dobi. Anafua mashuka ya zahanati na ya nyumba ya wageni, na uwanja ule ndio kazi yake. Kamba zimetandwa ukuta hadi ukuta, mashuka meupe yanapepea kutwa nzima. Njia ya watu ni vumbi, na vumbi kwenye mashuka ya zahanati ni kufua upya. Mdogo wake alipokwenda kumwomba, alimjibu hapana. Hakugomba. Alisema tu, "Mdogo wangu, umepoteza ngazi kwenye ukungu, usije ukaitafuta kwenye sahani yangu."

Halmashauri ilikuwa na mamlaka ya kuutwaa uwanja na kumfidia. Ila ilihitaji kura. Na kura, kwa utaratibu wa Kisigino mwenyewe, ilikuwa ipigwe hapo hapo uwanjani, wamesimama, mbele ya dada.

Dada alijua wanakuja. Mji huu siri haikai. Akaazima viti kwa majirani, akavipanga kivulini nyuma ya mashuka. Akachemsha chai. Madiwani wakafika wametweta, jasho linawatiririka, wananchi wamebaki nje ya geti wakichungulia wasione kitu ila mashuka. Dada akasema, "Karibuni. Mmepanda mlima, poleni. Kaeni kwanza."

Wa kwanza kukaa alikuwa mwenye bucha, na yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote kwamba uwanja utwaliwe. "Nilisema nakaa kidogo tu, nipate pumzi," aliniambia. "Halafu ikaja chai. Sasa wewe, mtangazaji, umekaa kwenye kiti cha mtu, umeshika kikombe cha mtu, utasimamaje umwambie nipe uwanja wako?"

Madiwani wote walikaa. Kisigino peke yake alibaki wima. Akasema, "Wanaokubali uwanja huu uwe njia, wasimame wanyooshe mkono."

Dada akamsogelea mwenye bucha na birika. "Nikuongeze?" Mwenye bucha akasema kidogo tu.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, ukanyooka mkono mmoja. Hili halijawahi kusemwa hadharani, na mwenye bucha ameniruhusu nilitangaze. Anasema limemkaa kooni miaka yote hii. Mkono ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa Kisigino. Alimnyooshea mkono dada yake, uwanjani kwa dada yake. Akasubiri, akautazama mkono wake uko peke yake hewani, akaushusha. Akasema, "Kura imeanguka. Dada, asante kwa chai." Kikombe chake hakukigusa.

Nje ya geti watu waliambiwa kura imeanguka. Hawakuambiwa ni nani aliyesimama na nani aliyekaa, maana waliokaa waliona haya. Mji ukasema, si mnaona, amemlinda dada yake. Uchaguzi ulipofika, mwenye bucha alizunguka mitaa yote akiwauliza watu, "Ngazi zenu zinaishia wapi?" Basi, hakuhitaji kusema zaidi. Kisigino alianguka vibaya. Kiti kikaenda kwa mwenye bucha.

Nilimuuliza binti wa marehemu kwa nini mama yake hakujitetea, na jambo lenyewe lilikuwa sentensi moja tu. Binti ni mpole kama mama yake asivyokuwa.

"Nilimuuliza hivyo hivyo," alisema. "Akaniambia, nikisema nilinyoosha mkono, watu watakwenda kumchukia mama yako mkubwa. Sasa hivi wananichukia mimi, na mimi nimeshazoea. Halafu akaniambia nimletee gundi."

Mwenye bucha naye, alipoupata uenyekiti, alijaribu kurudisha vikao ukumbini. Alifungua ukumbi, akafuta vumbi, akaketi. Watu wa soko wakamfuata mlangoni wakamwambia, "Mwenyekiti, mtaro uko huku." Akasimama. Mpaka leo anapanda na kushuka, na amepungua kidogo, ingawa yeye anakanusha. Jambo moja tu hakuligusa, uwanja wa dada. Nilimuuliza kwa nini. "Nilishakaa pale," alisema. "Ningesimamaje?"

Na hao ndugu wawili, je? Msidhani waliacha kusemezana. Hapana. Kila asubuhi Kisigino alitoka nyumbani kwake, akasimama kwenye ule ukuta wa juu, akaita, "Dada, umeamkaje?" Dada akaitika kutoka kwenye mabeseni yake, "Nimeamka, sijui wewe." Kikombe cha chai kikapitishwa juu ya ukuta. Wakasemana, wakachekana, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Kuhusu njia, hata neno. Kisha Kisigino akarudisha kikombe, akaanza kuzunguka barabara nzima kushuka kibandani kwake, na huku ngazi ziko pale, chini ya uwanja, zinamtazama.

Magoti yalipoanza kumsumbua, dada alimwambia, "Pita humu basi. Wewe peke yako, nitakufungulia." Kisigino akakataa. "Nikipita peke yangu," akamwambia, "basi wanaosema wamesema kweli." Akaendelea kuzunguka. Akanunua fimbo. Akaipiga fimbo yenyewe soli ya mpira chini, nyie mnacheka, lakini nimeiona.

Nilikwenda kwa dada yake Jumapili. Nilimkuta anapiga pasi. Hakuacha kazi, na mimi sikumwomba aache. Pasi ilikuwa inakwenda na kurudi, naye akasema haya, nayasoma kama alivyoyasema.

"Aliponinyooshea mkono, iliniuma. Mdogo wangu wa mgongoni, niliyembeba mimi. Nikasema, haya, siku akiniomba tena nitampa, lakini aniombe. Na yeye alikuwa ameshaniomba mara moja, mtu mwenye kiburi yule, haombi mara mbili. Basi mimi nilikuwa nangoja aniombe, na yeye alikuwa anangoja nimpe. Chai tu ndiyo ilikuwa inapita."

Hapo pasi ilisimama. Aliinyanyua ili isiunguze shuka, akaendelea.

Alfajiri ile Kisigino alipofariki, sauti haikuita ukutani. Dada alijua kabla hajaambiwa. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kuzunguka imejaa matope, na makaburi yetu, kama mnavyojua, yako chini. Siku ya mazishi, jua halijapanda vizuri, alimwita fundi mwashi. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Akaniambia niuvunje ukuta wa juu. Nikamuuliza, kibali cha halmashauri kiko wapi? Akanitazama. Akasema, ukuta ni wangu, mwanangu, vunja. Nilipoanza kupiga nyundo, yeye alikuwa anaanua mashuka. Yalikuwa mabichi bado. Aliyaanua yote, akafungua na kamba zenyewe, akazikunja."

Kisigino alitolewa nyumbani kwake, akavushwa barabara, akapitishwa pale palipokuwa na ukuta. Akapita uwanjani kwa dada yake. Akatoka kwenye geti la chini, akashuka zile ngazi hatua kwa hatua mpaka sokoni. Na nyuma yake tulikuwa sisi sote, Mtaa wa Juu wote na wa chini waliopanda kumchukua, matope miguuni, tunapita uwanjani kwa watu. Alipita hatimaye. Na hakupita peke yake.

Dada alikuwa amesimama kando ya geti, kamba zimekunjwa mikononi. Kwenye mazungumzo yetu aliniambia neno moja, na nimelala nalo tangu Jumapili. "Nimemfungulia akiwa amebebwa," alisema. "Ningemfungulia akiwa anatembea."

Kwa binti wa marehemu, kwa dada yake, na kwa wote mliovaa soli za mkono wake, sisi wa hapa redioni tunawapa pole za dhati. Tumepungukiwa. Kibanda kimefungwa, na mlangoni bado kuna jozi za viatu vya watu zimepangwa vizuri. Binti anaomba kila mwenye jozi yake aende akaichukue. Mama yake alizimaliza zote.

Lakini sijamaliza, kwa sababu juzi kulikuwa na kikao.

Halmashauri ilipanda zile ngazi. Mwenye bucha mbele, kofia mkononi, madiwani nyuma yake. Wale wale waliokaa siku ile, isipokuwa mmoja aliyehama. Safari hii geti lilikuwa wazi, na mashuka hayakuwepo, kwa hiyo wananchi tuliona kila kitu. Uwanja ulikuwa mtupu. Umefagiwa.

Dada alitoka ndani. Mwenye bucha akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

"Leo hakuna viti," dada akamwambia. "Wala chai sikupika. Simameni mpige kura."

Mwenye bucha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasoma hoja: uwanja uwe njia ya umma, utandikwe mawe ili vumbi lisiruke, na kamba za mwenye nyumba zipandishwe kwenye nguzo ndefu, watu wapite chini ya mashuka. Dada akaongeza la kwake, "Na mtu asije akafutia mikono kwenye mashuka yangu." Likakubaliwa.

Mikono ikanyooka. Yote. Dada si diwani, hana kura, lakini alinyoosha wa kwake pia, akaushikilia juu muda mrefu baada ya wengine kushusha. Karani alitaka kusema kitu, mwenye bucha akamzuia.

Fundi mwashi akaja na kigingi chake. Kwa utaratibu, kinagongwa pale mwenyekiti aliposimama. Mwenye bucha akasogea pembeni. Akamwonyesha fundi mahali pengine, katikati ya uwanja, penye udongo wa kawaida tu usio na alama yoyote.

"Gonga pale," akasema. "Alisimama pale."

Wasikilizaji wapendwa, ukipata nafasi, pita pale. Kisha jiulize kuna geti gani kwako ambalo funguo unazo, na nani unamngoja akuombe mara ya pili. Kama yupo, na kama bado anatembea, basi inuka ulipokaa.